Masikio Yaliyokaa Kiti cha Pembeni

Mimi kazi yangu ni kushona viti vya magari, na mshona viti huona mambo ambayo fundi wa injini hayaoni. Dereva mwenye haraka hula ukingo wa kiti upande wa mlango. Mwenye kuweka pochi nene mfuko wa nyuma hutoboa mahali palepale kila mwaka. Anayegombana na mkewe, kiti cha pembeni yake hubaki kipya kama kilivyotoka kiwandani. Haya nayasema kwa kupitia tu. Nilitaka kusimulia habari za jirani yangu wa gereji, yule waliyemwita Masikio, ila siwezi kumfikia bila kupita kwenye viti.

Tulikodi uwanja mmoja. Mimi banda la mabati kule ukutani, yeye huku getini, kwa kuwa magari yake yalikuwa ya kuingia na kutoka. Alikuwa mtu mwembamba, mikono mirefu, kucha nyeusi zisizotakata hata siku ya harusi ya binti yake. Kazi yake ilikuwa kuongeza nguvu magari ya turbo. Kwa asiyejua turbo, ni kijipanka kinachozungushwa na moshi wa gari lenyewe, nacho kinaisukumia injini hewa. Kiwandani wanakifunga kisukume kwa adabu. Sasa wapo watu, wengi wao watu wazima wenye ndevu, ambao adabu hiyo inawakera. Hao ndio waliokuwa wateja wake.

Anakuja mtu, hajazima hata injini, anasema, "Fundi, nataka livume."

"Nionyeshe plagi kwanza."

"Plagi za nini? Mimi nimekuja kwa ajili ya turbo."

"Na daktari akikuambia toa ulimi, unamwambia umekuja kwa ajili ya mguu?"

Basi plagi zinatolewa, zinapangwa juu ya gazeti. Zikiwa rangi ya biskuti, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Zikiwa nyeupe, anafunga boneti na kumwambia mtu akatafute kwanza kwa nini injini yake inanyimwa mafuta. Alikuwa na ushupavu wake huo: mafuta kwanza, upepo baadaye. Anapima pampu ya mafuta, anabadilisha chujio, anakaza kila mpira unaovuja, anapandisha presha ya mafuta kidogo, ndipo anagusa ile skrubu inayoongeza upepo wa turbo. Nayo anaigusa kama mtu anayemwamsha mgonjwa.

Alinieleza siku moja tunakunywa chai. Upepo ukizidi mafuta, alisema, mle ndani panakuwa tanuri. Petroli inawaka kabla ya zamu yake. Pistoni bado iko njiani inapanda, inakutana na kofi la uso. Hilo kofi lina sauti yake, nyembamba, kama kokoto kwenye kopo, tena kopo liko nyumba ya tatu. Ukiisikia mapema ukaachia, hakuna kilichoharibika. Usipoisikia, pistoni inayeyuka kama mshumaa.

Ukiwa ndani ya gari, injini inalia, sauti hiyo huipati. Kwa hiyo alitengeneza chombo. Alichukua bomba jembamba la shaba, akaliponda ncha, akalitoboa tundu, akalifunga kwa bolti kwenye mwili wa injini. Ncha ya pili alichomeka mpira mrefu, ukapita tundu la nyaya mpaka ndani ya gari, akaugawa matawi mawili kama kile kipimo cha daktari. Tawi moja sikioni kwake, la pili kwa mkewe, aliyekaa kiti cha pembeni. Wanatoka hivyo, mume na mke wamefungwa mpira mmoja, wanakwenda kwenye barabara ya mlimani nje ya mji, ile iliyonyooka isiyo na nyumba.

Anapanda mlima mguu umekanyaga mpaka chini, macho kwenye geji mbili alizozibandika kwa gundi ya karatasi, moja ya upepo, moja ya mafuta. Juu kabisa anasimama, anafungua boneti, anaongeza upepo punje moja. Wanashuka, wanapanda tena. Kokoto zikisikika tu, anarudisha skrubu nyuma mpaka pasafi, halafu anarudisha tena kidogo zaidi. Hicho kidogo cha mwisho alikiita akiba ya siku ya joto na petroli mbovu. Wateja walilalamikia sana ile akiba. Lakini magari yake hayakufa, na sifa ikaenea kwamba yule bwana ana masikio ya popo. Ndipo wakambatiza Masikio.

Mkewe mimi nilimwita shemeji, kwa kuwa mumewe nilishamfanya mdogo wangu. Siku moja alikuja bandani na kimto kilichochanika.

"Mzee Sindano, nishonee hiki upya. Na hapa ubavuni niwekee kitanzi, mpira usinianguke."

"Shemeji, kushika mpira tu ndio unataka kiti cha kifalme?"

Hakucheka. Aligeuka akamtazama mumewe, aliyekuwa ameinama kwenye injini ametupa mgongo. Akaita, "Baba watoto!" Akaita tena, kwa sauti ile nyembamba aliyopewa na Mungu. Simu ikaanza kulia mfukoni mwa yule bwana, ikalia mpaka ikachoka. Yeye anakaza bolti tu.

"Umeona," shemeji akaniambia. "Sauti nene anazipata. Nyembamba zimekwenda. Ndege, filimbi, simu, mimi."

Alinieleza taratibu. Miaka ya kuinama kwenye injini zisizo na ekzosi ya kuzima kelele ilikuwa imemla masikio. Walikwenda hospitali pamoja, daktari akasema zilizokwenda hazirudi. Uso kwa uso aliweza kuzungumza vizuri kwa sababu alisoma midomo, ndiyo maana watu walimwona mtu wa heshima anayekutazama usoni ukisema. Lakini kokoto za injini hazina midomo. Shemeji alikuwa na kazi yake ya kupokea simu kwenye ofisi ya maji, kazi ya kivuli na kiti cha kuzunguka, akaiacha. Akakaa kile kiti cha pembeni. Tawi la mpira lililokuwa sikioni kwa mumewe lilikuwa pambo.

"Nikimgusa goti, ni pasafi, aongeze. Nikimfinya, panagonga, aachie."

"Kumbe ndiyo maana akitoka mlimani anachechemea!"

Hapo alicheka, akajifuta macho na upindo wa kanga.

"Sasa kwa nini asiseme tu?" nikamuuliza.

"Aseme fundi wa kusikiliza hasikii? Nani atamletea gari tena? Mzee, hili ni lako na langu. Likitoka hapa tumekwisha."

Sikulitoa. Lakini nilikuwa naona linavyomtafuna. Mumewe alikuwa na dada yake mkubwa, mama mmoja mwenye kifua na sauti, aliyepita gereji karibu kila siku kuangalia kama mdogo wake amekula. Sauti ya yule mama ilikuwa nene, kwa hiyo ilisikika vizuri sana. Akimkuta wifi yake anaingia garini na kimto, anasema mbele ya wateja, "Haya, malkia anakwenda kupunga upepo! Wenzio wako jikoni, wewe leo gari jeupe, kesho jekundu."

"Wifi, nakwenda kazini," shemeji anajibu.

"Kazi ya makalio hiyo, mwanangu, hata mimi naiweza."

Watu wanacheka. Fundi anaona meno ya watu, naye anacheka.

Shemeji hakutaka mambo makubwa. Alichokitaka alinitajia akikunja kile kimto nilichomshonea: mumewe amwambie dada yake, mbele ya watu, kwamba mke wangu ananisaidia kazi. Basi. Wala asitaje sikio. Alikuwa amemwomba nyumbani, na mume alikuwa amesema ngoja. Ukisema ananisaidia, watauliza anasaidia nini, na mtu akivuta uzi huo shati lote linafumuka. Ngoja kidogo. Nami nilimwelewa yule bwana, na shemeji nilimwelewa, na kuwaelewa wote wawili hakukumsaidia yeyote.

Ikaja gari ya mwenye duka la rangi. Ilikuwa gari ya familia, ndefu, nyeupe, turbo yake haijaguswa tangu kiwandani, na mwenyewe alikuwa mtu wa maneno. Alitaka iwe na nguvu kabla hajakwenda nayo ukweni. Plagi zilikuwa nzuri. Chujio likabadilishwa. Kwenye pampu ya mafuta fundi alikunja uso.

"Hii imewahi kubadilishwa?"

"Mpya hiyo, fundi. Aliyeniuzia aliniapia."

Geji ya mafuta ikasimama vizuri pale uwanjani, gari likiwa halina kazi. Fundi akaikubali pampu, maana kama ni chovu, mlimani masikio yangesema. Hivyo ndivyo alivyozoea. Masikio yalikuwa yamekaa kiti cha pembeni kwa muda mrefu hata akayahesabu kuwa yake.

Asubuhi ile mwenye rangi hakuondoka kama wateja wengine. Aliegemea mlango wa gari lake, na walikuwepo madereva wengine wawili watatu, na dada mtu alikuwa ameleta chupa ya chai. Shemeji alikuwa ameshaingia, kimto chini, mpira kwenye kitanzi.

"Fundi, nikuulize," mwenye rangi akasema kwa sauti. "Kila gari ukipima lazima mama awemo. Unampenda au unamwogopa?"

Uwanja wote ukacheka. Fundi alikuwa amemtazama midomo, swali alilipata. Nilisimama na mkasi wangu nikasema moyoni, haya, mdogo wangu, mlango umefunguliwa wenyewe, pita. Alimtazama mkewe. Akamtazama dada yake. Halafu akafanya lile tabasamu la mtu anayetaka kupendwa na wote.

"Huyu? Huyu anapenda tu kupanda magari ya watu. Nikimwacha ananuna."

Dada mtu alipiga makofi kwa kicheko. "Mimi nilisema! Si nilisema?"

Shemeji hakununa wala hakupaza sauti. Alitoa mpira sikioni, akaufuta kwa kanga kama alivyoufuta siku zote, akaufungua kwenye kitanzi. Akatoka garini na kimto chake, akamkabidhi mwenye rangi tawi lile la mpira.

"Kaa wewe, bwana. Gari ni lako."

Akavuka uwanja, akaingia bandani kwangu, akakaa nyuma ya pazia la turubai nililoliweka kuzuia jua.

Mwenye rangi alifurahi kama mtu aliyepewa zawadi. Fundi alibaki amesimama na funguo mkononi. Nilimwendea, nikasimama mbele ya uso wake nikatembeza midomo polepole, bila sauti: pima kesho. Nilijua amenisoma, kwa sababu macho yake yalikwenda kwenye turubai yakarudi. Lakini wateja walikuwa wanamtazama, na kumfuata mke mbele ya watu waliokuwa wametoka kumcheka kwa kumwogopa, hilo hakuliweza. Akatikisa kichwa. Akaingia. Akavaa pambo lake sikioni, wakaondoka.

Yaliyotokea mlimani aliyasimulia mwenye rangi mwenyewe, tena kwa kila aliyepita. Wamepanda mara ya kwanza, gari tamu. Wamesimama juu, fundi ameongeza. Wamepanda tena, tamu zaidi. Yeye mwenye rangi ule mpira ulikuwa unamwasha sikio, akautupa miguuni ili ashangilie vizuri. Akawa anapiga dashibodi, "Ongeza, fundi, ongeza!" Fundi, alisema mwenye rangi, alimtazama kama mtu anayesubiri jambo. Alitazama mpaka goti lake mwenyewe. Hakuguswa, hakufinywa. Kimya upande ule wa mpira wake kilikuwa kimya kilekile cha kila siku.

Angeweza kutoa plagi kule juu akazisoma. Plagi husema vilevile, kwa kuchelewa kidogo, na yeye alikuwa bingwa wa kuzisoma. Lakini fundi aliyeitwa Masikio, mteja kasimama ubavuni, angetoa plagi za moto mlimani kwa sababu gani? Akaongeza punje. Kwenye kupanda kwa tatu, ile pampu iliyoapiwa kuwa mpya ilishindwa. Mafuta yakapungua, upepo ukabaki palepale. Kokoto lazima zilimwagika mle ndani kama mvua kwenye bati. Geji ya mafuta nayo ilishuka, ila mwenye rangi wakati huo alikuwa amemshika bega anamwonyesha lori walilolipita. Kisha moshi wa buluu, na gari likaanza kutetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa.

Walirudi wamefungwa kamba nyuma ya pikapu. Geti lilipofunguliwa harufu ilitangulia. Fundi alishuka, akafungua boneti ingawa hapakuwa na cha kutazama.

"Wewe si Masikio?" mwenye rangi alimfokea, mkono kiunoni. "Hukusikia? Mimi mwuza rangi tu mwishoni nilisikia ngo-ngo-ngo, wewe mwenye mpira hukusikia?"

Watu walikuwa wamejaa. Dada mtu alikuwa bado yupo. Kama kuna wakati ambao mtu angesema sisikii, ndio ule. Nadhani hata angehurumiwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimevuka nusu ya uwanja.

"Yule mwanamke," fundi alisema, akaonyesha bandani kwangu bila kutazama. "Alinivuruga akili asubuhi. Mtu huwezi kufanya kazi ya makini mke amekununia."

"Enhee," dada mtu akaitikia. "Mkosi unaoupakia mwenyewe garini."

Nyuma ya turubai langu palikuwa na mtu mwenye masikio mazuri kuliko yote ya uwanja ule. Niligeuka. Alikuwa anasimama, anajikung'uta nyuzi kwenye gauni. Alinipa kile kimto.

"Fumua, mzee. Sponji yake bado nzima, utaipatia kazi."

"Shemeji..."

"Asante kwa kivuli."

Alipita katikati ya watu, akapita mbele ya mumewe. Fundi aliufuata uso wake ili asome, lakini midomo ile ilikuwa imefungwa, haikuwa na kitu cha kusomeka.

Msidhani aliondoka nyumbani. Watu wa gereji walimtabiria kwenda kwao, hakwenda. Kwenye ofisi ya maji aliuliza, kile kiti kilikuwa na mwenyewe. Alibaki, akapika, akafua, akaozesha binti wa pili. Ila garini hakupanda tena. Fundi alimwomba, najua, kwa sababu alikuja kuniuliza kama kile kimto bado ninacho. Nilikuwa bado ninacho, sijakifumua. Alikichukua, akakirudisha kesho yake, nikakiweka mahali pake juu ya rafu.

Alijaribu peke yake gari mbili tatu, kwa kusoma plagi na kuogopa. Aliogopa sana, akaweka akiba kubwa mno, wateja wakasema magari yametoka kama yalivyoingia. Wakahamia kwa kijana mmoja mwenye kompyuta barabara ya pili. Siku hizi anaziba pancha na kumwaga oili. Masikio bado wanamwita, ila sasa wanaliita jina hilo wakiwa nyuma yake, kwa majaribio, wakiona hageuki wanagonga viganja. Kumbe walikuja kujua wenyewe, na hakuna aliyezimia kwa mshangao. Siri iliyowagharimu wote wawili, ilipotoka haikuwa habari ya hata asubuhi moja.

Kitu kimoja tu ndicho kigumu kwangu kukisimulia. Shemeji huleta chai getini kila siku kama zamani. Zamani alikuwa akimzunguka mumewe, anasimama mbele yake, anamgusa mkono, ndipo anasema. Sasa anaweka kikombe juu ya tairi, anageuka, na akishageuka ndipo anasema. Anasema kwa sauti yake ileile, wala haikosi heshima. Chai hiyo. Fundi wa mabomba amekuja. Mjukuu ana homa. Anaondoka huku anasema. Yule bwana anaona tu mgongo na ncha za kanga, halafu anapaza sauti kwangu, maana hajui tena ukubwa wa sauti yake mwenyewe, "Mzee Sindano! Kasema nini?"

Namtafsiria. Nimekuwa mimi sasa mpira wao.

Wiki iliyopita aliweka kikombe, akageuka, akasimama kidogo. Akasema, akitazama geti, "Ungelisema siku ile mbele yao, hata nusu yake, ningekaa kile kiti mpaka wanizike nacho."

Kisha akatoka.

"Mzee Sindano! Kasema nini?"

Uwanja ulikuwa na watu. Kumfikishia yule bwana neno, kutoka ukutani kwangu mpaka getini kwake, lazima upige kelele. Na maneno kama yale hayasemwi kwa kelele.

"Kasema chai inapoa!"

Alinipungia mkono wa asante, akafuta kitako cha kikombe kwenye suruali, akanywa.